Somo: Minara ya Televisheni Katika Mji Mkubwa

Leo tutajifunza namna mafundi wanavyopanga minara ya televisheni ya dijitali katika mji mkubwa. Jambo hili lakuhusu wewe uliyenunua king'amuzi kwa fedha yako, kisha ukaona kioo kitupu.

Televisheni ya zamani ilikuwa na huruma. Mawimbi yakidhoofika, picha ilijaa chenga, lakini bado uliweza kumtambua msomaji wa habari. Ya dijitali sivyo. Mawimbi yakitosha, picha ni safi kabisa. Yakipungua kupita kiasi, picha huganda, kisha hupotea. Basi mtaa ama umefikiwa, ama umeachwa. Dar es Salaam ilipozimiwa mitambo ya zamani, tarehe 31 Desemba 2012, aliyekosa mawimbi mapya hakubakiwa hata na chenga.

Je, mnara mmoja mrefu hautoshi? Mara nyingi hautoshi. Majumba marefu huyazuia mawimbi kama yazuiavyo jua, na kuta za zege huyadhoofisha kabla hayajaifikia antena ya ndani. Aliye nyuma ya jumba hana budi kufikiwa kutoka upande mwingine. Ndiyo sababu hujengwa mnara wa pili.

Zamani minara miwili iliyo jirani haikuweza kutumia masafa yale yale, maana mmoja uliharibu picha ya mwenziwe. Katika dijitali yawezekana, mradi yote miwili itoe habari ile ile kwa wakati ule ule. Fikiri wapiga mbiu wawili. Wakitamka neno moja pamoja, wewe uliye katikati wasikia vizuri zaidi. Mmoja akichelewa mno, huelewi lolote.

Kuchelewa mno ni kiasi gani? Mawimbi huenda mita 300 katika mikrosekunde moja, yaani sehemu moja ya milioni ya sekunde. Kila fungu la habari huwekewa muda wa kungojea mawimbi yaliyochelewa. Ukiwa mikrosekunde 112, mawimbi ya mnara wa pili yaweza kuzidi safari kwa kilomita 33 hivi bila kudhuru. Yakipita hapo, nayo yana nguvu, yataharibu picha.

Tazama mji wa Berlin, Ujerumani, uliozima mitambo ya zamani tarehe 4 Agosti 2003. Mnara wa Alexanderplatz, wenye urefu wa mita 368, ulishirikiana masafa na mnara wa Schäferberg. Kati yao pana kilomita 22 hivi, yaani mikrosekunde 74. Hesabu ikakubali. Mitambo ya namna hii huongozwa na saa za satelaiti, isipishane.

Basi, ndugu, picha ikiganda, usikimbilie kulaumu king'amuzi. Peleka antena dirishani au uipandishe juu, uielekeze penye mnara ulio wazi zaidi kwako. Huenda si ule ulio karibu.

Maswali ya kujadiliana:
1. Kwa nini picha ya dijitali haina chenga?
2. Minara miwili yatofautiana safari kwa kilomita 30. Mawimbi yatachelewa mikrosekunde ngapi?

Kwaherini.