Ngiri, Mkanda na Kiroba cha Mawe: Mazungumzo na Wachimbaji Wadogo



Swali tunaloulizwa mara nyingi tupitapo Mwakitolyo, Nyarugusu na Rwamgasa ni hili: je, ngiri yaweza kutulizwa bila upasuaji? Yaweza kutulizwa, kwa mtu mzima, haiponi. Kati ya maneno hayo mawili ndipo wauzaji wengi wanapojipatia fedha.

Tuelewane kwanza kuhusu jina. Minadani, neno ngiri hubebeshwa kila kitu: maumivu ya kiuno, choo kigumu, hata upungufu wa nguvu za kiume. Kitabibu, ngiri ni udhaifu katika ukuta wa tumbo unaoruhusu utumbo au mafuta kusukumwa nje, mara nyingi kinenani. Busha ni jambo jingine, yaani maji yaliyokusanyika kuzunguka korodani. Mwenye chupa moja inayotibu yote hayo hajakupima. Hakuna dawa ya kunywa wala ya kupaka inayoziba uwazi huo, iwe ya kiwandani au ya mitishamba. Anayejiita mganga wa tiba asili, mwombeni awaonyeshe cheti chake cha usajili kutoka Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala.

Mkanda wa ngiri ni kifaa tiba, nao husaidia kwa kiasi. Pimwa kiunoni kabla ya kuununua, na uvae baada ya daktari kukuona. Lala chali, uvimbe urudi ndani, ndipo ufunge. Kuukaza juu ya uvimbe ambao haujarudi ni hatari, kwa kuwa huubana utumbo wenyewe. Uvue usiku, ukague ngozi.

Kikohozi kisichoisha husukuma tumbo kila siku. Wenye kuvuta vumbi la mawe, pimeni kifua na kifua kikuu. Kujikamua chooni hufanya vivyo hivyo, basi mboga, matunda na maji viandamane na ugali.

Kijana mmoja mbeba viroba alituuliza: akipumzika, nani atailisha nyumba yake? Hatukuwa na jibu jepesi. Tulimshauri agawe kiroba kimoja kuwa viwili, apige magoti badala ya kuinama, na azungumze na mwenye duara kuhusu kazi nyingine hadi atakapoonwa. Alicheka kidogo. Malipo yake ni kwa kiroba.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2006, uliohusu wanaume 720 wa Amerika Kaskazini wenye ngiri ya kinena isiyowasumbua sana, ulionyesha kwamba kungoja chini ya uangalizi wa daktari kunakubalika. Hata hivyo, takriban robo ya waliongoja walipasuliwa ndani ya miaka 2, wengi kwa sababu ya maumivu, na hatudhani wengi wao walishinda wakipandisha mawe kutoka duarani. Akina mama wasiufuate mfano huo: ngiri zao za kinena na paja hunasa kwa urahisi zaidi, hivyo wamwone daktari mapema.

Uvimbe ukiwa mgumu, ukauma ghafla na kukataa kurudi, au mtu akitapika, akashindwa kutoa upepo, au ngozi ya juu yake ikabadilika rangi, msiusukume kwa nguvu wala kumpa chochote cha kunywa. Mpelekeni hospitali yenye chumba cha upasuaji saa ileile, hata iwe usiku, hata kama mgao wa mawe haujafanyika.