Mfuko wa Stoma: Mada kwa Wauguzi wa Kitui na Makueni



Nimeombwa nizungumzie uuguzi wa vidonda, stoma na kushindwa kuzuia haja. Stoma ni tundu linalofunguliwa tumboni kwa upasuaji ili kinyesi au mkojo utokee hapo. Mafunzo ya fani hii yalianza Cleveland, Marekani, mwaka 1961, chini ya daktari Rupert Turnbull na Norma Gill, ambaye mwenyewe aliishi na stoma. Vidonda vya kulala, vya kisukari na vya kuumwa na nyoka wenzangu watavieleza. Naomba muda wangu niutumie kwa mfuko unaobandikwa juu ya stoma.

Mgonjwa hutoka wodini na mfuko mmoja tumboni na, akibahatika, miwili mkobani. Ukishika vizuri, mfuko hukaa siku 3 au 4. Kwa joto la Ikutha au Kibwezi, jasho huubandua mapema. Wiki ya pili yote imekwisha, naye anaanza kufunga tambara. Zamani wengine walifunga juala la plastiki; tangu marufuku ya Agosti 2017 hata hilo ni adimu. Anayeumia zaidi ni mwenye stoma ya utumbo mwembamba, kwa kuwa kinachotoka ni majimaji yenye vimeng'enya, na ngozi huchubuka upesi. Tambara nalo hutaka kufuliwa, na maji ni ya kuchimbwa kwenye mchanga wa mto. Nilimtembelea mama mmoja aliyelazimika kila asubuhi kuamua kama maji yaliyobaki ataogea au atawapikia watoto. Kanisani alikuwa ameacha kwenda. Mchana alikuwa hali, akihofia kuchafuka mbele za watu.

Miaka mingi nimeandika maombi ya mifuko. Hujibiwa kwa adabu kwamba wanaoihitaji ni wachache. Naelewa bajeti ni finyu. Lakini bandeji tunaagiza, mipira ya mkojo tunaagiza, na upasuaji wenyewe tunaufanya!

Napendekeza, kwa heshima, mifuko iingizwe katika orodha ya kawaida ya bohari katika kaunti zote mbili. Mgonjwa aondoke na ya mwezi mzima. Kabla ya operesheni, muuguzi aliyefunzwa aweke alama ya stoma mgonjwa akiwa amelala, ameketi na amesimama, mbali na pale anapofunga lesso au mshipi. Familia ielezwe kwamba kubeba mtungi wa lita 20 kunaweza kumletea mgonjwa henia. Mwenye stoma ya muda apewe tarehe ya kurudi ili ifungwe. Wapo waliokaa nayo miaka kwa kukosa nauli. Mhudumu wa afya ya jamii aijue nyumba hiyo. Na mifuko iingizwe kwenye orodha: narudia kwa makusudi.

Kabla hatujaondoka leo, naomba kila hospitali iliyowakilishwa iandike idadi ya wagonjwa wake wenye stoma, na kando yake idadi ya mifuko iliyopo boharini. Karatasi iko mezani karibu na mlango.