Formalini Katika Sabuni ya Maji: Mazungumzo na Wakazi wa Kata ya Milepa



Vikundi vingi vya wanawake na vijana, vikiwemo vinavyonufaika na mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, huchagua kutengeneza sabuni ya maji. Ni uamuzi mzuri, kwa kuwa mtaji wake ni mdogo na kila nyumba ina vyombo vya kuosha. Miongoni mwa malighafi zake imo formalini. Sehemu kubwa ya sabuni hiyo ni maji, na maji yakikaa huota vijidudu. Formalini huwekwa ili sabuni isiharibike. Kihifadhi, basi, kina kazi yake.

Hata hivyo, kemikali iliyomo katika formalini inajulikana duniani kote kwa kusababisha mzio wa ngozi. Mzio si sawa na kuungua. Kuungua huonekana papo hapo, mzio husubiri. Mwili huzoeana na kemikali kwa majuma, pengine kwa miaka, kisha siku moja huikataa, na ukishaikataa hausahau. Tangu hapo, hata kiasi kidogo huleta wekundu, muwasho na malengelenge baada ya siku moja hadi tatu.

Ucheleweshaji huo ndio unaotupotosha. Mama aliyeosha vyombo Jumatatu huanza kuwashwa Jumatano akiwa shambani kwenye mpunga, naye hulaumu maji ya jaruba. Wengine, kama tujuavyo, humlaumu jirani. Kisha hununua dukani krimu yenye steroidi bila ushauri wa mganga. Muwasho hutulia, sabuni ni ile ile, muwasho hurudi, na ngozi huzidi kuwa nyembamba.

Losheni na shampuu nazo zina vihifadhi, na baadhi yake hutoa kemikali hiyo hiyo polepole. Alama ya TBS huonyesha kuwa bidhaa imekidhi kiwango. Haiahidi kwamba ngozi ya kila mtu itaipokea.

Kwenu watengenezaji: pimeni formalini kwa kipimo, msikadirie kwa jicho. Vaeni glavu, changanyeni mahali penye hewa, na watoto wawe mbali. Tumieni maji yaliyochemshwa, tengenezeni kiasi kinachouzika mapema. Chupa za maji ya kunywa mnazozijaza sabuni zibandikeni karatasi yenye tarehe na majina ya vilivyomo. Mkitaka alama ya ubora, anzeni SIDO mjini Sumbawanga, wawape barua ya kuwatambulisha TBS.

Wataalamu wa ngozi hupima mzio kwa kubandika kemikali mgongoni kwa saa 48, lakini huduma hiyo iko mbali nasi. Anayewashwa mikono aiache kwanza sabuni anayoishuku, kisha aende zahanati akiwa na chupa yake mkononi, maana mganga hawezi kukisia kilichomo.