"Interest": Neno Moja, Maana Tatu

Mada iliyotolewa kwa wajumbe wa kamati za parokia, Kilema



Nimeombwa nizungumzie barua na mikataba ya Kiingereza inayofika mezani kwetu. Nimechagua neno moja tu, "interest", kwa sababu likieleweka vibaya linagusa fedha zetu na heshima yetu pia.

Maana ya kwanza ni kuvutiwa. Mfadhili akiandika kwamba ana "interest" katika mradi wetu wa maji, amesema ameupenda na anataka kujua zaidi. Hajaahidi fedha. Kwa hiyo kamati isitangaze kanisani wala kuagiza mabomba kabla makubaliano hayajatiwa sahihi. Nanyi wafadhili, mkumbuke kwamba neno lenu la adabu, likifika huku mlimani, laweza kupokelewa kama ahadi.

Maana ya pili ni riba. Hapa tusiulize asilimia peke yake, tuulize pia inakokotolewaje. Tuchukue mkopo wa shilingi 600,000 kwa miezi 6, riba asilimia 2 kwa mwezi, na mkopaji anapunguza deni kwa shilingi 100,000 kila mwezi. Riba ikipigwa kwenye mkopo wote wa mwanzo hadi mwisho, atalipa riba ya shilingi 72,000. Ikipigwa kwenye deni lililobaki, atalipa 42,000. Asilimia ni ileile, lakini tofauti ni shilingi 30,000. Kwa mama anayeuza ndizi sokoni Himo, hizo si fedha ndogo.

Maana ya tatu ni maslahi. Kamati inaponunua saruji, mjumbe mwenye duka la saruji ana maslahi katika uamuzi huo. Kuwa nayo si kosa, kosa ni kuyaficha. Aseme mapema, atoke nje wenzake wanapoamua, na katibu aliandike jambo hilo katika muhtasari.

Neno hili lina asili ya Kilatini, na maana yake ya mwanzo ni "kuwa katikati". Wazee wetu Wachaga walilijua jambo hilo bila Kilatini. Mwenye ng'ombe wengi alimkabidhi mwenzake ng'ombe amtunze. Mtunzaji alipata maziwa, na samadi ya kurutubisha kihamba, na ng'ombe akabaki mali ya mwenyewe. Kilichokuwa katikati yao kilijulikana kwa wote wawili. Mwaka 1933 wakulima wa kahawa waliunganisha maslahi yao kwa njia hiyohiyo ya wazi walipounda chama kikuu cha ushirika, KNCU.

Basi, mkikutana na neno hili katika barua, msilipite haraka. Ulizeni: huyu anapenda, anadai, au ananufaika? Jibu lisipokuwa wazi, mwandikieni aeleze kabla hamjatia sahihi. Mfadhili mwema hatachukizwa na swali hilo.