Mwendesha Mashtaka na Dhamana ya Mtumishi wa Umma

(Hotuba kwa walimu na watumishi wa umma, Amani, wilayani Muheza)



Tumekutana mahali panapoitwa Amani. Lakini amani hailindwi kwa jina. Hulindwa kwa haki. Kwa hiyo nitazungumzia kazi ya Ndugu Hassan Bubacar Jallow, mwana wa Gambia aliyesomea sheria katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kisha akawa Mwanasheria Mkuu na Waziri wa Sheria wa nchi yake tangu 1984 hadi 1994.

Mwaka huo wa 1994, kati ya Aprili na Julai, mamia ya maelfu ya watu, wengi wao Watutsi, waliuawa nchini Rwanda. Mwezi Novemba Umoja wa Mataifa uliunda mahakama maalumu, na makao yake yakawekwa Arusha. Jallow aliteuliwa kuwa Mwendesha Mashtaka wake mwaka 2003, akaishika dhamana hiyo mpaka mahakama ilipofungwa mwishoni mwa 2015. Mwaka 2017 akawa Jaji Mkuu wa Gambia.

Mwaka 2006 upande wa mashtaka ulipata ushindi mkubwa. Majaji wa rufani walitamka kwamba mauaji ya kimbari ya Rwanda ni jambo linalojulikana na wote, wala halihitaji kuthibitishwa upya katika kila kesi. Kilichobaki ni kuthibitisha nani alitenda nini. Katika watu 93 walioshtakiwa, 62 walipewa adhabu na 14 wakaachiwa huru. Kuachiwa kwa hao 14 ni ushahidi kwamba shabaha haikuwa kisasi.

Hata hivyo, hakuna hata mmoja wa upande ulioshinda vita aliyeshtakiwa Arusha. Lawama hiyo ni nzito, na historia haitaifuta.

Ndugu zangu, walioshtakiwa walikuwa akina nani? Walikuwamo mawaziri, maofisa wa jeshi, waandishi wa habari na mapadri. Hukumu ya kwanza, ya Septemba 1998, kabla ya Jallow, ilimhusu Jean-Paul Akayesu, meya wa Taba. Kabla ya umeya alikuwa mwalimu na mkaguzi wa shule. Na vile vitambulisho vilivyotaja kabila, ambavyo kwenye vizuizi vya barabarani viliamua nani afe, vilijazwa ofisini, kwa kalamu ya karani.

Sheria ya mahakama ile ilikuwa wazi: cheo si kinga, na amri ya mkubwa haimwondolei mtendaji hatia.

Hatuna budi kulizingatia jambo hili. Mwalimu anayewabagua watoto darasani kwa kabila zao, na karani anayeandika orodha bila kuuliza ni ya nini, wote wanatayarisha njia ya maovu. Tukatae mapema, wakati kukataa bado ni jambo dogo. Mwendesha mashtaka huja baada ya makaburi. Sisi tumepewa dhamana kabla yake.