Fishi 31: maneno kwa vijana wa Mulungwishi juu ya serveri ya akiba

Kwa wale wenye wanatusoma kwa simu kutoka Likasi, Kolwezi ao Lubumbashi: maneno haya tumeyaandika karibu yote namna yalisemwa. Tumetoa tu vicheko, na ile nusu saa yenye umeme ulikatika.

Munanijua. Nilimaliza lisansi ya informatiki, na tangu hapo nimetuma barua za kuomba kazi mpaka simu yangu inajua yenyewe kumalizia sentensi. Kazi haijakuja. Basi katika kungoja, kikundi kilinipa kazi isiyo na mshahara: kuchunga mashini na vitu vyote vyenye tunakusanya. Leo nitasema kwanza namna niliichunga vibaya. Kisha tutafungua serveri hii mbele yenu.

Mwaka jana tulipita kwa miguu kwenye mashamba. Tuliandika fishi 212 za wenye mashamba yenye yaliharibika wakati barabara ya magari makubwa ilipanuliwa. Nani anapaswa kulipa, hiyo ina mkutano wake, leo siyo siku yake. Kila fishi ilikuwa na jina, mipaka ya shamba yenye tulipima kwa simu, mimea gani ilikuwepo, picha, na sahihi ao kidole. Tulipiga picha karatasi, tukazirudishia wenyewe. Mama mmoja aliniuliza: "Sasa yetu iko wapi?" Nikajibu kwa kiburi cha mtu wa diplome: "Mama, byote byeko mu mashini."

Mashini ilikuwa moja. Laptopu ya mtumba, betri imekufa, inafanya kazi ikiwa tu imechomekwa.

Lakini mimi sikuwa mjinga kabisa, ao ndivyo nilijidanganya. Kwenye kona ya biro kulikuwa serveri: ordinatere ya zamani yenye tulipewa, na disiki kubwa ya nje imeungwa kwayo. Kila usiku saa mbili, laptopu ilikuwa inatuma fishi mpya kwa serveri kupitia ruta. Niliiona inafanya kazi mara mbili, nikafurahi, sikuitazama tena.

Mwezi wa nane umeme ulikatika, ukarudi na nguvu ya kupita kiasi. Laptopu ikanyamaza. Tulipoiwasha kwa shida, disiki yake ilikuwa inagonga ndani, tak, tak, tak. Kijana mmoja akasema: "Yaya, mashini inakufa." Mimi nikacheka. "Musiogope, kuko nakala." Nikapanga waya zote vizuri, nikawasha serveri, nikafungua disiki ya nje. Fishi ya mwisho ilikuwa ya mwezi wa nne.

Zilikuwa 60 tu. Nilikaa chini.

Nilichukua siku mbili kuelewa, na ninawaambia kwa urefu kwa sababu mtu yeyote mwenye atatengeneza serveri nyumbani atakutana na jambo hili. Ile disiki ya nje ina waya wake wa umeme. Mwezi wa nne mtu aliuchomoa ili achaji simu. Umeme ukakatika, serveri ikazima, ikawaka tena bila disiki. Na mimi mwenyewe nilikuwa nimeiambia serveri hivi: disiki isipokuwepo, wewe endelea tu kuwaka. Ikaendelea. Sasa, disiki ya nje inafungukia ndani ya foda. Disiki isipokuwepo, foda inabaki, na serveri haijui tofauti. Kila usiku iliendelea kuandika ndani ya foda ileile, lakini sasa kwenye disiki ndogo ya ndani, mpaka ikajaa. Ilipojaa, ilianza kuandika ujumbe wa kosa kila usiku, ndani ya faili lenye hakuna mtu alikuwa analisoma. Miezi ilipita ikilalamika peke yake.

Na kuna jambo la ajabu zaidi. Siku niliporudisha waya, disiki ya nje ilifunguka juu ya foda ile na kufunika vyote vyenye vilikuwa chini yake, sawa na mkeka juu ya sakafu. Ndiyo maana niliona 60 tu. Nilipoitoa tena disiki, chini ya mkeka nikakuta zile 60 na zingine 74.

Zilizobaki zilikuwa ndani ya laptopu yenye inagonga. Hapa musifanye namna watu wengi wanafanya: kuwasha na kuzima, kufungua foda moja moja, kuita programu ya kutengeneza makosa. Disiki yenye inakufa ina pumzi za kuhesabu. Tuliitoa, tukaiunga kwa mashini nyingine, tukaomba disiki nzima kwa rafiki wa Likasi, na tukatumia programu ya bure inayoitwa ddrescue. Yenyewe haijali faili. Inanakili disiki yote tangu mwanzo mpaka mwisho, inaruka sehemu mbaya, inaziandika kwenye orodha, na mwishoni inarudi kuzijaribu tena. Umeme ukikatika, inaendelea pale ilipoishia. Ilichukua siku tatu. Kisha tukatafuta fishi ndani ya ile nakala, bila kugusa tena disiki mgonjwa. Tukapata 47.

Hesabu: 60, na 74, na 47, ni 181. Fishi 31 zilipotea.

Tulirudi kwenye nyumba hizo 31. Wengine walikuwa bado na karatasi, zingine zimenyeshewa na mvua. Familia mbili zilikuwa zimehama. Mzee mmoja alikuwa amekufa, na watoto wake hawakujua mpaka wa shamba ulipita upande gani wa muembe, na muembe wenyewe ulikuwa umekatwa. Wengine walikataa kutoa jina mara ya pili. Walisema: kama munapoteza majina yetu kwenu, siku moja yataokotwa na nani? Sikuwa na jibu siku ile.

Nilisoma mambo ya wakubwa wa kazi hii, nitafute mtu wa kufanana naye. Nikamupata. Kampuni ya GitLab inachunga kazi za waandishi wa programu wa dunia nzima. Tarehe 31/1/2017 fundi wao alifuta foda kwenye serveri isiyo yenyewe. Karibu gigabaiti 300 zilipotea mbele ya macho yake. Walikuwa na njia kadhaa za akiba. Moja ilikuwa haifanyi kazi, na barua za kuwaonya zilikuwa zinakataliwa njiani. Waliokolewa na nakala yenye ilichukuliwa saa sita mbele ya ajali, na mambo ya saa hizo yakapotea kabisa. Walisema yote hadharani, hata wakaonyesha kazi ya kurudisha moja kwa moja kwa video. Hiyo ilinipa nguvu ya kusimama hapa leo.

Tena kuna moto wa Strasbourg kule Ufaransa, tarehe 10/3/2021. Jengo la serveri za kampuni ya OVH liliungua. Wateja wengine walikuwa wanaweka akiba ndani ya jengo lilelile, nayo ikawa majivu pamoja na kazi.

Lakini hadithi yenye ninapenda inatoka Afrika. Mwezi wa sita 2017, programu mbaya ya NotPetya iliingia katika kampuni ya meli ya Maersk ikafuta mashini zake duniani. Serveri zenye zinajua nani ni nani ndani ya rezo yao zilikuwa zinanakiliana zenyewe kwa zenyewe, kwa hiyo zilikufa pamoja. Zote, isipokuwa moja, Ghana. Kwa nini ile ilipona? Umeme ulikuwa umekatika! Ilikuwa nje ya rezo wakati ugonjwa unapita. Intaneti ya kule ilikuwa polepole sana kwa kutuma vyote Uingereza, na wafanyakazi wa Ghana hawakuwa na viza; ikabidi mmoja apande ndege mpaka Nigeria amukabidhi mwenzake disiki mkononi. Ninyi wenye munalia kila siku juu ya delestaje, mukumbuke: kampuni kubwa namna ile iliokolewa nayo. (Sijasema tuache kudai umeme.)

Kitu nilichokamata hapo ni kwamba serveri mbili zenye zinanakiliana kila dakika ni kitu kimoja chenye kukaa pahali pawili. Ukifuta huku, inafutika kule. Hata disiki mbili ndani ya serveri moja, zenye zinaandika sawasawa, zinakulinda tu siku moja ikivunjika. Hazikulindi na mwizi, moto, ao kidole chako mwenyewe.

Sasa namna tulivyopanga.

Serveri ni ordinatere ileile ya zamani, ndani tumeweka Debian, ya bure. Tumeipa anwani yake kwenye ruta yenye haibadiliki, sababu zamani kila umeme ukirudi ruta iliipa anwani nyingine na laptopu zikaitafuta bure. Tumebadilisha ile betri ndogo ya mviringo kwenye ubao wa ndani. Ilikuwa imekufa, na serveri ilikuwa inaamka ikifikiri tuko miaka mingi nyuma. Usicheke. Programu ya akiba inafuta nakala za zamani kwa kutazama tarehe, na tarehe ya uongo inaweza kukufutia kitu kizuri. Serveri, disiki na ruta vyote viko nyuma ya ondulere moja, na kwenye waya wa disiki tumefunga karatasi: USICHOMOE.

Kazi ya kunakili tunafanya na programu ya Borg. Kila siku inaongeza vilivyobadilika tu, kwa hiyo ninaweza kurudi kwenye fishi namna ilivyokuwa jana ao mwezi uliopita. Laptopu zina ruhusa ya kuongeza, hazina ruhusa ya kufuta. Saa mbili usiku umeme ukikosekana, kazi haipotei: inaanza yenyewe umeme ukirudi. Na mbele ya kuandika chochote, inatafuta kwanza faili ndogo lenye liko ndani ya disiki ya nje peke yake. Ikilikosa, inasimama na kunitumia ujumbe. Tena kila Jumatatu inatuma ujumbe hata kama vyote viko sawa, na hesabu ya fishi. Ujumbe wa Jumatatu usipofika, hiyo yenyewe ni alama ya hatari.

Mtu ataniuliza: juu ya nini tusiweke vyote kwa intaneti, tumalize? Wale wenye mulikuwa na simu mwisho wa 2018 mutanijibu. Kutoka 31/12/2018 intaneti ilizimwa nchini karibu majuma matatu, wakati wa kuhesabu kura. Nakala ya intaneti ni nzuri, tunayo moja, lakini haiwezi kuwa ya peke yake. Na kulipia megabaiti kwa picha 212, muulize mfuko wa kikundi. Tunafuata kanuni ya 3-2-1 yenye mupiga picha Mmarekani Peter Krogh aliitangaza: nakala tatu, kwa vyombo vya aina mbili, na moja iwe mbali. Ya mbali kwetu ni disiki yenye inasafiri kwa basi kwenda Likasi kila juma la pili, ikarudi nyingine. Ikiwa njiani ao kwenye sanduku, haijaungwa na kitu, kama ile ya Ghana.

Sasa swali la wale wenye walikataa. Majina yakiokotwa? Nakala zetu zote zimefungwa kwa neno la siri. Mwizi wa ile disiki ya basi ataona takataka tu. Lakini funguo ina upande mbaya: neno likipotea, hata mimi nitaona takataka. Kwa hiyo limeandikwa kwa kalamu kwenye karatasi mbili, katika bahasha zilizofungwa, kwa watu wawili wasiokaa nyumba moja. Sitasema ni nani. Na mimi siyo mmoja wao, kwa sababu naweza kupata kazi Kolwezi kesho. Munacheka! Naweza.

Familia tisa kati ya zile 31 tuliwaonyesha mambo haya, namna ninavyowaonyesha ninyi. Sita walikubali kuandikisha tena. Tatu bado wanafikiri, na tumewaacha wafikiri. Kwa shamba la mzee, watoto wake na majirani watatu walitembea pamoja kwenye mpaka wenye kila mumoja alikumbuka, tukapima, tukaandika kwenye fishi kwamba kisiki cha muembe kimewekwa kwa ushahidi wa majirani. Sijui kama itakubaliwa.

Basi, maneno yametosha. Kila siku ya posho ya kwanza ya mwezi tunafanya jaribio, na leo ndiyo siku yake. Laptopu hii ni tupu, haijawahi kuona fishi hata moja. Mwenye atarudisha siyo mimi. Mimi nitakaa kule nyuma, mikono mufukoni, nisimuambie kitu. Maagizo yako kwenye daftari hii, ukurasa wa kwanza. Akikwama, maagizo yangu njo mabaya, na nitayaandika upya. Dada mwenye kitambaa cha bluu, unakuja? Haujawahi kugusa serveri? Vizuri sana. Chagua namba yoyote kati ya 1 na 212, usiniambie ni gani. Wengine, mutazame saa.