Safari ya Wachezaji wa Afrika ya Mashariki Uingereza, 1975



Mtu atokaye Mji Mkongwe kwenda Ng'ambo hupita penye viwanja vya Mnazi Mmoja. Katika zamani za utawala wa Waingereza, mpita njia aliweza kuona hapo watu waliovaa nguo nyeupe tupu, mmoja amesimama mbele ya vijiti vitatu, gongo la ubao mkononi, na mwingine akimrushia mpira mgumu mwekundu. Mchezo huo ndio kriketi. Nasi twataka kuwasimulieni habari ya safari moja ya wachezaji wake: safari ya timu ya Afrika ya Mashariki kwenda Uingereza mwezi wa Juni, mwaka 1975, kushindania Kombe la Dunia la kwanza la wanaume.

Kwanza yapasa tuueleze mchezo kwa wasioujua. Pande ni mbili, na kila upande una watu 11. Mwenye gongo hulinda vijiti vyake visiangushwe, naye huupiga mpira mbali. Akiisha kuupiga, yeye na mwenziwe aliye upande wa pili wa njia hukimbia wakapishana, na kila wakipishana huhesabiwa mkimbio mmoja. Mpira ukibingirika mpaka ukavuka mpaka wa uwanja, ni mikimbio 4. Ukivuka bila kugusa chini, ni mikimbio 6. Watu 10 wakitolewa, zamu ya upande ule imekwisha. Katika mashindano hayo ya 1975 kila upande uliruhusiwa kupiga mipira isiyozidi 360, ambayo ilirushwa sita sita.

Timu zilizoalikwa zilikuwa 8. Sita kati yao zilikuwa za nchi zilizokwisha kuzoea mashindano makubwa: Uingereza, Australia, West Indies, India, Pakistan na New Zealand. Wageni wadogo walikuwa wawili tu: Sri Lanka na Afrika ya Mashariki. Timu yetu haikuwa ya nchi moja, bali ilikusanywa kutoka Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia. Nahodha wake alikuwa Harilal Shah wa Kenya. Kutoka Tanzania walikuwamo Praful Mehta na Shiraz Sumar. Wengi wao walikuwa watu wa asili ya Bara Hindi, na Waafrika walikuwa wawili, wote kutoka Uganda: Samuel Walusimbi na John Nagenda. Huyu Nagenda alikuwa pia mwandishi wa vitabu. Hawa hawakuwa watu walioishi kwa ujira wa mchezo. Walicheza kwa mapenzi yao tu.

Tarehe 7 Juni walikutana na New Zealand mjini Birmingham. Glenn Turner wa New Zealand alipiga mikimbio 171 peke yake, wala hakutolewa, na upande wake ukafika 309. Basi vijana wetu walijua tangu mapema kwamba ushindi uko mbali. Lakini walisimama mpaka mpira wa mwisho wa ile 360, wakapata mikimbio 128, na watu 8 tu walikuwa wametolewa. Frasat Ali aliwapita wenziwe kwa mikimbio 45.

Tarehe 11 Juni, mjini Leeds, walikabiliana na India. Wetu walitolewa wote kwa mikimbio 120, na Jawahir Shah alipata 37. India ikaifikia hesabu hiyo na kuipita bila kupotewa na mtu hata mmoja. Tarehe 14 Juni walirudi Birmingham kucheza na wenyeji. Waingereza walipata 290, wetu wakatolewa kwa 94. Mrushaji mmoja wa Kiingereza, John Snow, alirusha mipira 72 na kutoa watu 4, na katika mipira yote hiyo walipata kwake mikimbio 11 tu.

Michezo mitatu, na yote mitatu wakashindwa. Wakafunga mizigo wakarudi.

Huenda msikilizaji akauliza, "Habari ya watu walioshindwa hivi yafaa nini kusimuliwa?" Wazee walisema kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Neno hilo ni kweli, lakini sisi twaona halitoshi, kwa maana kukubali kushindwa ni mwanzo tu. Tuwatazame wale wageni wenzetu, watu wa Sri Lanka. Nao mwaka ule walicheza michezo mitatu, nao walishindwa yote mitatu. Kwa hesabu ya ushindi, walirudi kwao sawasawa na sisi. Hata hivyo, mwaka 1996, baada ya miaka 21, Sri Lanka waliwashinda Australia mjini Lahore, wakalitwaa Kombe la Dunia. Na India, ambao ushindi wao wa kwanza kabisa katika Kombe hilo ulikuwa ule wa kuwashinda wetu, walilitwaa mwaka 1983. Ama timu ya Afrika ya Mashariki, ilivunjwa mwaka 1989.

Je, tofauti ilikuwa wapi? Haikuwa katika mikono wala katika miguu. Sri Lanka kriketi ilikuwa imepandwa mashuleni tangu karne ya 19, na kila mwaka shule zilishindana mbele ya umati wa watu. Kwetu ilipandwa ndani ya ua. Waingereza walikuwa na klabu zao, Wagoa zao, na kila jamaa ya Wahindi ilikuwa na yake. Huko Kenya mchezo mkubwa wa mwaka ulikuwa, kwa miaka mingi, Wazungu kwa Waasia. Mtoto wa shamba hapa Unguja, hata kama angaliweza kuigiza mchezo huo kwa upongoo wa mnazi na kidaka, nani angalimfungulia mlango wa klabu?

Basi ikawa wenye ua walipoondoka, mchezo uliondoka nao. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 wengi wa wachezaji wa Unguja walihama, na kriketi ya Mnazi Mmoja ikafifia, hali mpira wa miguu, uliokuwa wa kila mtu, ulizidi kushamiri. Mwaka 1972 Waasia walifukuzwa Uganda, na huko nako viwanja vikapungukiwa na watu. Timu iliyosafiri mwaka 1975 ilikuwa kama mti ambao mizizi yake mingi imekwisha kukatwa.

Lakini pale ua ulipobomolewa, matunda yalionekana. Kenya ilijitenga na timu ile ya pamoja ikasimama peke yake. Tarehe 29 Februari 1996, mjini Pune katika India, iliwashinda West Indies, waliokuwa mabingwa wa kwanza wa mwaka 1975: mikimbio 166 kwa 93. Katika timu hiyo walicheza pamoja Maurice Odumbe na Steve Tikolo, Waafrika, na Asif Karim, mwenye asili ya Bara Hindi. Mwaka 2003 Kenya ilifika nusu fainali. Na tarehe 5 Juni 2024 Uganda ilipata ushindi wake wa kwanza katika Kombe la Dunia la mchezo mfupi, ilipowashinda Papua New Guinea huko Guyana. Siku hiyo Frank Nsubuga, mwenye umri wa miaka 43, alirusha mipira 24 akatoa mikimbio 4 tu.

Sisi walimu twalijua jambo hili katika elimu pia. Maarifa yaliyofungiwa nyumba moja hufa nyumba hiyo ikifungwa. Samaki hukunjwa angali mbichi, na pa kumkunjia ni shuleni, mbele ya watoto wote, wa mjini na wa shamba, wa kila kabila na kila dini.

Kwa hiyo tusiwacheke wale 14 wa mwaka 1975. Wao walitimiza wajibu wao. Walikwenda mbali, wakapambana na waliowazidi. Lililopungua halikuwa kwao, bali kwa waliobaki nyumbani. Basi kila mwenye uwanja, na kila mwalimu mwenye mpira mmoja tu, na ajiulize leo ni mtoto gani amesimama nje ya ua, naye amwite aingie.

Kwaherini.